Matroni Apumzike

Mimi nikitaka kujua kitu silali, na mume wangu alishazoea. Ukinificha jambo nitalizunguka mpaka nilipate, hata kama nikilipata halinisaidii chochote. Ndiyo maana siku mwenyekiti wa bodi ya shule alipotangaza kwamba ajenda ya mwisho itajadiliwa katika kikao cha ndani, nilifurahi mno. Nilikuwa mjumbe mpya, mwakilishi wa wazazi, na tangu nichaguliwe nilikuwa nikisikia tu kwamba bodi ina vikao vya ndani. Huko ndani kunasemwa nini, hakuna aliyekuwa tayari kuniambia.

Shule yenyewe ni ya kata, ukitoka Mlali unaiona kabla mashamba ya alizeti hayajaisha. Ina bweni moja la wasichana, na bweni lina matroni mmoja, Emilia, mama wa makamo anayevaa sweta hata jua likiwaka. Serikali haimjui. Aliajiriwa na bodi kwa michango yetu wazazi, na bodi ndiyo inayoweza kumwondoa. Chumba anacholala kimo humo humo bwenini, na kwingine kwa kuita kwake hana.

Ajenda ya mwisho ilikuwa yeye. Jumamosi moja ya Februari wasichana walirudi kutoka shamba la shule wakakuta geti la bweni limefungwa kwa ndani. Waligonga, wakaita, wakapiga mayowe. Matroni alikuwa amelala, ufunguo uko shingoni mwake, na mvua ikawanyeshea pale pale getini mpaka mlinzi alipopatikana, akaruka ukuta, akamwamsha. Mmoja wa wasichana hao alilazwa kwa nimonia. Mwingine alikuwa Sabrina, binti yangu, aliyekohoa hadi majirani wakaja kuulizia. Kwa hiyo sikuingia kwenye kikao kile na moyo mweupe. Niliingia nikitaka Emilia aondoke.

Katibu wa bodi kwa kawaida ni mkuu wa shule, Mwalimu Jordan, kijana mtanashati anayechomekea shati hata siku za kupanda miti. Alikuwa ameshafungua kompyuta yake tayari kuandika. Mwenyekiti wetu, Bi. Violeth, muuguzi mstaafu, akamtazama kwa macho yale ya wadi.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeleta malalamiko. Huwezi kulalamika, halafu ukaandika tulichoamua. Tupishe kidogo."

"Na muhtasari ataandika nani, mwenyekiti?"

"Mama Sabrina. Ana mwandiko mzuri."

Mwandiko wangu aliuona wapi, sijui mpaka leo. Mwalimu Jordan alinipa karatasi na kalamu kwa shingo upande, akatoka, akaenda kukaa juu ya pikipiki yake mkabala na dirisha. Akainamia simu. Kila nilipoinua macho nilimwona vilevile, anasoma simu asiyoisoma, sikio lake lote liko kwetu.

Nilianza kwa bidii. Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Halfani, mfanyabiashara wa nafaka, ambaye binti yake ndiye aliyelazwa. Alisema kwa uchungu, na mengine aliyosema yalikuwa makali, nami niliyaandika yote jinsi yalivyotoka.

"Mama Sabrina, unaandika nini?" Bi. Violeth aliuliza.

"Anachosema Bwana Halfani."

"Kata. Kikao cha ndani hakiandikwi maneno ya watu. Mtu akijua anaandikwa, hasemi lililo moyoni. Sikiliza, na mwisho utaandika azimio. Mstari mmoja unatosha. Na yatakayosemwa humu yabaki humu humu."

Niliudhika. Yaani nimengoja miezi yote hiyo niingie ndani, na nikishaingia naambiwa utamu wote hauandikwi. Nilikata mistari yangu nikaweka kalamu chini. Basi nikasikiliza. Katekista Petro alisema kwamba tangu matroni aajiriwe hajawahi kwenda likizo, kwa sababu hakuna wa kumpokea zamu. Bi. Violeth akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumpima presha, tukatazamana. Halfani akasema presha ya matroni haimhusu, yeye amelala kwenye benchi la hospitali akimsikiliza mtoto wake anavyohema. Mimi nami nilisema yangu, tena mabaya, na kwa kuwa hayakuandikwa siku ile, sitayaandika na leo.

Mazungumzo yalipokuwa yameanza kujirudia, Mzee Meshack alivua kofia. Huyu ndiye aliyetoa sehemu ya eneo lake shule ikajengwa, mfugaji, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake anakitoa polepole kwa sababu nyumbani kwake wanasema Kigogo. Alikuwa hajafungua kinywa tangu tuanze. Aliiweka kofia juu ya goti, akasema:

"Huyu mama apumzike."

Halfani akatikisa kichwa kukubali. Katekista akatikisa. Bi. Violeth akatikisa, nami nikatikisa kwa nguvu kuliko wote.

"Basi tumeelewana," mwenyekiti akasema. "Mama Sabrina, andika."

Niliandika: *Bodi iliazimia kwa kauli moja kwamba matroni apumzike.* Mwalimu Jordan akaitwa ndani, tukanywa chai na maandazi, tukatawanyika. Nilirudi nyumbani nimeridhika, nikamwambia Sabrina tu kwamba bodi imefanya kazi yake.

Wiki haikuisha Mwalimu Jordan akaja kibandani kwangu, ninaposhona, na karatasi iliyopigwa chapa. Alitaka sahihi yangu chini ya muhtasari, ili barua ya matroni iandikwe. Nilifuta mikono, nikasoma. Palepale nilipokuwa nimeandika *apumzike*, pameandikwa *apumzishwe*.

"Mwalimu, mimi sikuandika hivi."

"Ni kilekile, mama. Nimenyoosha lugha tu. Apumzike ni Kiswahili cha nyumbani. Kiofisi tunasema apumzishwe."

"Kama ni kilekile, kwa nini umebadilisha?"

Alicheka kidogo, kama mtu anayemweleza mzazi hesabu za mtoto. "Mtu anapumzika mwenyewe, mama. Mwajiriwa anapumzishwa."

"Na akipumzishwa anarudi?"

"Hapana. Akipumzishwa, ndiyo basi tena."

"Na akipumzika?"

Aliangalia cherehani yangu, akaangalia barabarani, akarekebisha kola.

"Akipumzika," alisema mwishowe, "nadhani anaamka."

Sikumwona kama mtu mbaya, na sidhani kama alikuwa na hila. Alikuwa ameelewa tumemfukuza, akaliweka vizuri. Mimi mwenyewe si nilielewa hivyohivyo? Lakini nilipoyaona yale maneno mawili mawazoni, moja la kwangu na moja la kwake, nikaanza kuwashwa. Mzee Meshack alisema lile la kwanza. Hakusema la pili. Alimaanisha lipi? Na wale wengine, walipotikisa vichwa, walitikisia lipi? Nilimwambia Mwalimu aiache karatasi, nitasaini nikimaliza gauni la mtu. Aliondoka hana raha.

Gauni la mtu lilingoja. Nilifunga kibanda nikaenda kwa Katekista Petro. Mwenyekiti alikuwa amesema ya ndani yabaki ndani, na shambani kwake watu hupita, kwa hiyo nilipanga kuuliza kwa mbali.

"Katekista, mtu akikwambia fulani apumzike, wewe unaelewa nini?"

Aliacha jembe. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Sasa mbona unaniambia apumzike? Apumzike kwa amani?"

Ilibidi niache kuuliza kwa mbali. Nilipomkumbusha kikao, alipumua. Akasema yeye alielewa likizo. Alishangaa hata, alivyoona Halfani amekubali upesi vile, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba amemlainisha.

Nikaenda kwa Halfani, nikamkuta ghalani anapanga magunia. Yeye hakuniuliza aliyefariki. "Apumzike maana yake aondoke, maana yake nini kingine? Nilishangaa katekista alivyokubali. Nilidhani atatuletea hotuba ya msamaha."

Nilirudi nikitembea kwa furaha, na nasema hivyo makusudi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bodi nzima imetikisa vichwa kwa kauli moja, na kila mmoja amesikia lake. Nilikuwa nimepata kitu kitamu kuliko yote yaliyosemwa ndani. Nilikuwa sijamwaza Emilia hata kidogo.

Nilimwaza kesho yake, nilipompelekea Sabrina blanketi. Emilia alikuwa jikoni pa bweni anachemsha maji kwa ajili ya msichana aliyeumwa tumbo la mwezi. Alinipokea vizuri, akaninyang'anya blanketi akalipeleka mwenyewe. Aliporudi alisimama mbele yangu akizungusha ule ufunguo shingoni.

"Mama Sabrina, najua kikao kimekaa. Sitaki kujua mlisema nini. Nataka kujua kitu kimoja. Nifunge mizigo, au nisifunge?"

Siku ile ya kikao ningemjibu papo hapo. Sasa nilimwambia asubiri barua.

"Jumamosi ile," alisema, "nilikaa kitandani nivue viatu. Nilikuwa nimekesha na huyo wa tumbo, na usiku wa kabla yake na mwingine. Nilivua kimoja. Kilichofuata ni mlinzi ananitikisa." Hakulia wala hakuomba kitu. "Nina dada yangu Chamwino, lakini nyumba yake imejaa. Kama ni kufunga mizigo inabidi nimwambie mapema."

Nilitoka pale nimejionea aibu. Mtu anasubiri kujua kama ana pa kulala, na mimi nazunguka Mlali nzima nikiburudika na neno lake.

Sikusaini. Nilimpigia Bi. Violeth simu, akanikaripia kwanza, akaniambia mimi ni mjumbe wa kwanza tangu bodi iundwe aliyegoma juu ya mwisho wa neno. Nikamwambia mwisho wa neno hili una mtu. Nikasikia redio nyumbani kwake, kisha akasema ataitisha kikao kifupi cha kuthibitisha muhtasari, na kwamba hapo hatutafungua mjadala upya. Tutaulizana tu kama kilichoandikwa ndicho kilichosemwa.

Tukakutana. Mwalimu Jordan akapishwa tena, akaenda kwenye pikipiki yake, akainamia simu.

"Mzee Meshack, shikamoo," Bi. Violeth alianza.

"Marahaba."

"Tunathibitisha muhtasari. Ulisema apumzike, au apumzishwe?"

"Nilisema apumzike."

"Basi isomeke apumzike. Tumemaliza."

"Hatujamaliza," nikasema. Nilijua navunja utaratibu na sikujali. "Mzee, shikamoo. Ulimaanisha nini?"

"Mama Sabrina, hilo haliulizwi kwenye kuthibitisha."

"Mwache aulize," alisema Mzee Meshack. Alivua kofia akaiweka juu ya goti, kama siku ile. Nilikuwa na hakika najua atakalosema. Atasema likizo, tutamwelewa, na Emilia atafungua mizigo yake kama aliifunga.

"Nilimaanisha aende," alisema. "Aende, asirudi."

Halfani akapiga meza kwa kiganja. "Si ndiyo nilivyosema mimi?"

"Ngoja, Halfani. Sijafika." Alitafuta maneno, na hakuna aliyemharakisha. "Mvua ile ingeua mtoto. Nilitaka kusema afukuzwe. Neno lilikuwa hapa." Aligusa koo. "Lakini mjukuu wangu Penina, mwaka ule alipougua, ni huyu mama aliyemkesha mpaka nikafika. Nikaona aibu. Nikatafuta neno jingine la kupita nalo. Nikasema apumzike, mkaitikia wote, nikasema ahaa, nimepita."

"Sasa unataka iweje?" Bi. Violeth aliuliza.

"Mnaniuliza nilikusudia nini. Nilikusudia baya. Lakini baya nililikalia, sikulisema. Nililosema ni apumzike, na ninyi mliitikia nililosema. Kama niliona aibu kulisema, nitalifanyaje? Liacheni lilivyo. Apumzike, halafu arudi."

Tulimtazama Halfani. Kwa kweli ndiye aliyekuwa na haki ya kukataa kuliko sisi sote. Alisugua meza kwa kidole.

"Apumzike," alisema mwishowe. "Lakini lile geti lina ufunguo mmoja. Mlinzi apewe wa pili."

Nilitaka kucheka na kulia. Katika maneno yote ya vikao vyote viwili, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametaja ufunguo wa pili. Tulikuwa tumemjadili mama wa watu, usingizi wake, presha yake na tabia yake, na kitasa hatukukikumbuka. Bi. Violeth akaniambia hilo liandikwe, kwa sababu hilo ni azimio na si maneno ya mtu. Niliandika yote mawili, na baada ya *apumzike* nikaongeza *kisha arejee kazini*, ili asiwepo tena wa kutunyooshea lugha. Wajumbe wakasaini. Nilipomkabidhi Mwalimu Jordan karatasi alisoma mara mbili, akasema, "Sawa, mama," na nadhani alifurahi, maana alisahau kuchomekea vizuri shati lililotoka.

Emilia alipita kibandani kwangu siku ya kwenda Chamwino kwa dada yake. Alikuwa na begi moja tu. Barua ilikuwa mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea.

"Wameandika nipumzike," alisema. "Si nimeelewa vizuri? Nipumzike, kisha nirudi?"

"Umeelewa vizuri."

"Nani alisema hivyo? Nani aliyelitoa hilo neno?"

"Ni kikao cha ndani, mama."

"Najua ni cha ndani. Sitaki ugomvi, nataka kumshukuru tu. Kati ya watu wote wale waliokasirika, mmoja aliniona nimechoka. Huyo mtu ana moyo. Mwambie namwombea, hata kama hutaki kunitajia jina."

Ulimi uliniwasha kuliko siku zote za maisha yangu. Nilijua nani alilitoa neno, nilijua alilitoa ili asitoe jingine, na nilikuwa mbele ya mtu mwenye haki ya kujua kuliko mimi. Lakini alikuwa anatabasamu na begi lake begani. Nilimwambia salamu nitazifikisha.

Nilizifikisha. Mzee Meshack alikuwa kwenye lambo anaponyweshea ng'ombe, na yeye alikuwa kikaoni, kwa hiyo kwake sikuwa navunja kitu. Nilimwambia neno kwa neno: mmoja aliniona nimechoka, huyo mtu ana moyo, namwombea. Alisikiliza akiwaangalia ng'ombe. Nilitegemea atafurahi, lakini uso wake ulikunjamana.

"Hajui," alisema.

"Hajui."

"Na ananiombea."

"Kila siku, nadhani. Ndivyo alivyo."

Alichapa ng'ombe mmoja aliyekuwa hajafanya kosa lolote, na mimi nikaaga.

Shule ilipofunguliwa Emilia alirudi. Nilikuwa nimempeleka Sabrina, nikawa nashuka barabarani, nilipomwona Mzee Meshack anakuja peke yake kwa mguu na fimbo yake, amevaa koti la kanisani siku ambayo si ya kanisa. Alikwenda moja kwa moja mpaka geti la bweni. Akagonga. Emilia akatoka, akamwamkia kwa kupiga goti kidogo.

Mzee Meshack alivua kofia.

Alisema kwa muda mrefu, kwa mtu wa maneno machache. Emilia alikuwa anatabasamu mwanzoni, halafu akaacha. Mkono wake ulipanda ukaushika ufunguo ulio shingoni, ukabaki hapo. Mzee alipomaliza, wote wawili walisimama, mzee na kofia mkononi na jua likimpiga kichwani. Nilitaka sana kujua. Nilitaka kuvuka barabara niwaulize. Kisha Emilia aliingia ndani, nikadhani amemfungia, lakini alirudi na kigoda, akakiweka kivulini, akakifuta kwa kanga yake, akamwonyesha akae.

Walianza kuzungumza upya, sasa kwa sauti ya chini zaidi, na sikusikia hata neno. Mpaka leo hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara, nimeinamia simu iliyokwisha chaji.